Watoto Wanane Waliofutika Kwenye Seva

Ninyi mnaonipigia simu kila juma kuniuliza ni amri gani ya kuandika kwanza unapoweka seva ya hifadhidata kwenye Linux, leo nawajibu wote kwa pamoja, kisha mniache nipalilie viazi vyangu. Amri ya kwanza haiandikwi. Unapita nyuma ya mashine, unashika waya wa umeme, na unaufuata kwa kidole mpaka mwisho wake. Ujue umechomekwa wapi. Ujue ni nani mwingine amechomeka kitu hapo, na ni nani ana ufunguo wa chumba. Ukishayajua hayo, kaa chini uandike apt install upendavyo.

Mimi ni mwoga. Nimefanya kazi hii Butembo zaidi ya miaka ishirini nikiwa mwoga, na sioni haya kulisema, maana fundi wa seva asiyeogopa ni heri auze nyanya sokoni, atadhuru watu wachache zaidi. Lakini woga una tabia yake mbaya, na hiyo ndiyo nataka muijue mapema. Unaweza kukufanya ufunge mlango wa mbele kwa makufuli matatu huku wewe mwenyewe umeuacha wa nyuma wazi.

Aliyenifundisha ni Papa Kakule, fundi wa redio aliyehamia kwenye kompyuta mvi zikiwa zimekwisha kumjaa. Alisoma faili za mipangilio mstari kwa mstari, akifuata na kalamu ya risasi kwenye kioo cha skrini, mpaka kioo chake kikawa na mikwaruzo. Siku moja nilikuwa nimehangaika asubuhi nzima. Nabadilisha mstari kwenye postgresql.conf, faili ya mipangilio ya hifadhidata, naanzisha seva upya, hakuna kinachobadilika. Nabadilisha tena, naanzisha tena, vilevile. Yeye alikuwa ameketi anakunywa chai na mkate, ananitazama.

"Umeshauliza seva ye mwenyewe anasoma faili gani?" akaniuliza.

Sikuwa nimeuliza. Niliandika SHOW config_file, na seva ikanijibu kwa adabu kwamba inasoma faili ya toleo jipya, kwenye folda nyingine kabisa. Saa nne nzima nilikuwa nikirekebisha faili ya toleo la zamani, ambayo haikuwa ikisomwa na mtu yeyote isipokuwa mimi. Papa Kakule alicheka mpaka chai ikamwingia puani. Tangu siku hiyo sijawahi kugusa mpangilio kabla ya kuiuliza seva, na ninyi fanyeni hivyo.

Alikuwa na desturi nyingine iliyowatia wateja jasho. Akimaliza kuweka seva, anamwita mwenye mashine, anamwambia aingize jina moja, lolote. Jina likiingia tu, anachomoa waya ukutani. Paa, giza kwenye skrini.

"Papa, unaua mashine ya batu," nilimwambia mara ya kwanza nilipoona hivyo.

"Minaiua leo nikiwa hapa," akasema. "Weye unataka ikufe siku gani? Siku sisi wote tuko ku kilio?"

Kisha anaichomeka, anaiwasha, tunangoja, na tunaangalia kama lile jina la mwisho lipo. Likiwepo, anakubali kulipwa. Lisipokuwepo, anaanza upya.

Sasa niwaambie habari ya kituo. Sitakitaja jina. Kilikuwa Butembo, kikiwa na ofisi ndogo Beni, na kazi yake ilikuwa moja: watoto waliopotezana na wazazi wao wakati wa kukimbia vijiji. Mtoto akipatikana, anaandikwa Beni: jina, jina la mama, kijiji, alama za mwili. Anatumwa Butembo, na sisi tunampeleka kwenye familia moja ya vijiji vya upande wetu, imtunze mpaka mzazi atokee. Mahali alipopelekwa panaandikwa kwenye seva niliyoiweka mimi, Debian na PostgreSQL, kwenye mashine nzee tuliyopewa na watu waliokuwa wanahama.

Orodha ile ilinikosesha raha. Fikirieni wenyewe: ni orodha ya watoto walioona mambo, ikisema kila mmoja analala nyumba gani. Ikiangukia mikononi mwa wale waliowakimbiza, sisi tutakuwa tumewafanyia kazi yao. Kwa hiyo niliifunga. Seva iliambiwa isikilize ndani ya mashine tu, isijibu mtu wa nje. Mtu wetu wa Beni, Kasereka, baba wa watoto watano na mnung'unikaji mkubwa, aliingia kwa njia iliyofichwa ya ssh, kwa ufunguo wake peke yake. Neno trust, linaloruhusu mtu kuingia bila nenosiri, nililifuta kila mahali kwenye pg_hba.conf. Nenosiri nililibadilisha mara kwa mara. Na karatasi tulizichoma. Hiyo ilikuwa sheria yetu: fishi ya mtoto ikishaingizwa, watu wawili wanaisoma kwa sauti wakilinganisha na skrini, kisha inachomwa kwenye mbabula, jiko letu la makaa, uani, kwa sababu karatasi hupekuliwa kwenye vizuizi vya barabarani. Hata watu wetu kila mmoja alijua kipande kimoja tu. Mwendesha pikipiki aliwashusha watoto kanisani, hakujua nyumba. Familia ilikuja kuandikwa siku ya soko, haikujua mtoto mwingine kapelekwa wapi. Na kila familia ilifundishwa: akija mgeni na karatasi akiuliza watoto, mtoto aseme ni wa hapa hapa.

Kwa hiyo kitu pekee duniani kilichojua yote kilikuwa ile mashine. Nililijua hilo, na sikulala vizuri.

Sasa sikilizeni nilivyofanya. Kwenye postgresql.conf kuna mstari unaosema fsync = on. Maana yake ni kwamba seva isikuambie "nimehifadhi" mpaka diski yenyewe ikubali kuwa imeandika. Ukiuweka off, seva inakimbia ajabu, lakini umeme ukikatika ghafla unaweza kupoteza kilichokuwa njiani, na hata kuvuruga kilichokwisha kuhifadhiwa. Diski yetu ilikuwa inajikokota. Tulikuwa na rundo la fishi za zamani za kuingiza, na kila saa rundo lile lilipokaa mezani niliona kama mtu anaweza kuingia akalibeba. Nikazima fsync, nikajiambia ni kwa siku hiyo tu. Rundo likaisha kabla ya chakula cha mchana, tukalichoma, nikapumua. Na nikasahau kurudisha.

Mtauliza: na ile desturi ya Papa Kakule ya kuchomoa waya? Ingenionyesha kosa siku ileile. Papa Kakule alikuwa amekwisha kufariki, na mimi niliogopa kuchomoa. Nilisema diski ni nzee, isije ikafa. Ndivyo woga unavyosema, na sauti yake inafanana sana na ya busara.

Kuna la pili. Nakala ya akiba ilitengenezwa yenyewe kila adhuhuri, ikiandikwa kwenye diski ya pembeni. Kila siku niliona faili mpya yenye tarehe ya siku hiyo, nikaridhika. Sikuangalia ukubwa wake. Nilipobadilisha nenosiri mara ya mwisho, kwa ajili ya usalama, script ya nakala ilibaki na nenosiri la zamani. Kwa majuma sita ilikuwa ikigonga mlango, inakataliwa, na kuacha faili tupu yenye jina zuri. Nakala ambayo hujaijaribu kuirudisha haipo, hata kama jina lake unaliona. Hilo liandikeni ukutani, mimi sikuwa nimeliandika.

Basi ikafika siku ya wanawake, ya mwezi wa tatu. Mnajua mambo yake: wanawake wote wa kituo tulikuwa tumeshona kitenge kimoja kwa ajili ya gwaride. Mvua ilinyesha alfajiri, makaa yakalowa, pasi za makaa hazikuwaka. Espérance, aliyekuwa anaingiza fishi kwenye seva, alikuwa na pasi ya umeme ya shangazi yake. Umeme wa mtaa haukuwepo. Umeme pekee wa hakika ulikuwa wa chumba changu, betri za jua na onduleur yake, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani.

"Mama Ingénieur, tuchomeke hapo kidogo tu," Espérance akasema. "Dakika mbili. Tutaenda ku défilé na bikunjo?"

Ufunguo nilikuwa nao mimi. Mtu mwingine yeyote angeomba, ningemfukuza. Lakini kitenge changu kilikuwa na mikunjo pia, na kilikuwa cha pili kwenye foleni. Nikafungua mlango.

Pasi ya umeme inakula kuliko mashine zote za chumba kile zikijumlishwa. Onduleur ililia mara mbili, ikazima. Feni ya seva ilizunguka kidogo, ikasimama. Espérance alikuwa bado ameshika pasi hewani. Nikamwambia haidhuru, ichomoe, nikaiwasha mashine upya, nikijua moyoni kwamba Linux huamka.

Linux iliamka. Hifadhidata haikuamka. Nilisoma kwenye log, daftari lake la matukio, kwamba haikuona mahali halali pa kuanzia. Nikajaribu tena, ikasema vilevile. Ndipo nikakumbuka ule mstari wa fsync. Nilikaa chini sakafuni na kitenge changu cha gwaride, nje wanawake wanaimba wakielekea barabara kuu.

Ikiwapata, na siombi iwapate, fanyeni hivi. Msiguse ile iliyovunjika. Zimeni seva, nakilini folda yote ya data kwenye diski nyingine, yote kama ilivyo, na mfanye kazi kwenye nakala. Niliitumia pg_resetwal, ambayo inailazimisha seva isahau ilikokuwa na ianze tu. Ikaanza. Nikaomba jedwali la watoto, ikasoma mistari kadhaa, ikakwama: kuna kurasa zimevunjika. Kuna mpangilio mmoja unaosema, ukurasa uliovunjika uufanye mweupe, uendelee. Unaitwa zero_damaged_pages. Niliutazama kwa muda mrefu. Kwa mashine, ukurasa ni kipande kidogo cha diski. Kwangu mimi ulikuwa watoto, na sikujua ni wangapi wala ni nani. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena, nikabonyeza.

Ilisoma mpaka mwisho. Nikailinganisha na nakala ya majuma sita yaliyopita. Kila mtoto ana namba, na namba zinafuatana, kwa hiyo pengo linaonekana. Pengo lilikuwa la namba nane zilizofuatana, zote za majuma yale sita. Watoto wanane walikuwa kwenye nyumba za watu mahali fulani, na hapakuwa na mtu aliyejua.

Siku ya pili yake Kasereka alipiga simu kutoka Beni.

"Mama Ingénieur, kuko mama mumoja hapa. Ametoka ku Kamango na miguu. Anatafuta binti yake, Masika."

Kwetu binti wa kwanza karibu kila nyumba anaweza kuitwa Masika, ndilo jina la mzaliwa wa kwanza. Kwenye seva walikuwa wengi. Nikamwomba alama.

"Huyu iko na kovu ya moto ku mukono ya kushoto," akasema. "Mi mwenyewe nilimuandika, nilimutuma kwako. Ni wa mwezi uliopita."

Nilimtafuta. Nilitafuta kovu, nikatafuta Kamango, nikatafuta jina la mama. Nilijua tayari. Nikamwambia Kasereka mtandao ni mbaya, apige kesho. Kesho yake nikasema mashine iko matengenezoni. Siku ya tatu akasema, kwa sauti ya chini, "Mama, huyu mama anakuja kila asubui, anaikala ku banc ya mbao paka mangaribi. Niambie tu ukweli, nijue namna ya kumuambia." Nikamwambia. Nilimsikia akiiweka simu pembeni, akiongea na yule mama Kinande polepole.

"Anasema hatoki hapo," Kasereka akarudi akasema. "Anasema ataikala paka mumuone mutoto."

Barabara ya Beni ilikuwa mbaya juma lile, na Kasereka alikataa kumweka mama huyo njiani kabla hatujajua mtoto yuko wapi. Kwa hiyo nilienda mwenyewe. Espérance alikumbuka kwamba wengi wa wale wa mwisho walikwenda upande wa Vuhovi. Mumbere, mwendesha pikipiki wetu, alikumbuka makanisa aliyowashushia. Nilichukua karatasi, mimi niliyechoma karatasi zote, nikaandika mitaa, na tukaanza kugonga milango.

Sijawahi kuogopwa maishani kama majuma yale. Mimi ni mwanamke mfupi, nina miwani, nasalimia kwa Kinande cha nyumbani. Watu walipoona karatasi tu, nyuso zilifungwa. Hapana, hakuna mtoto wa mtu hapa. Hapana, hawa wote ni wetu. Walifanya kama tulivyowafundisha, na walifanya vizuri kuliko seva yangu. Ilibidi nirudi na katekista wa kanisa, nirudi na fulani anayemjua fulani, nikae, ninywe uji, nieleze upya. Mtoto mmoja, kisha wawili, kisha siku nane bila kitu. Kila jioni Kasereka anauliza, na mimi najibu. Ndani ya majuma matatu tulikuwa tumewapata saba. Masika hakuwa mmoja wao. Hata baadhi ya familia za upande wetu zilikuwa zimeanza kuhama, na nilianza kujiuliza kama familia iliyomchukua nayo imekimbia, na kumpeleka wapi.

Kuna nyumba moja nilikuwa nimeifuta kwenye karatasi siku ya pili tu ya kutafuta. Msichana wa miaka tisa hivi alikuwa uani, anachagua maharagwe kwenye beseni. Nikamsalimu, nikauliza mama yuko wapi.

"Iko ku shamba," akasema.

"Weye unaitwa nani?"

"Kavira."

"Na Masika, kuko Masika hapa?"

"Ni yaya yangu, dada yangu mukubwa. Iko ku masomo."

Alijibu bila kusita, mikono yake yote miwili ndani ya maharagwe. Mtu wa Kinshasa labda angeendelea kuuliza. Mimi ni wa hapa. Nilisikia nyumba yenye Masika wake mkubwa na Kavira wake, jina la binti wa pili, majina yamepangika kama ya nyumba yoyote ya kwetu, nikaona imetimia, haina nafasi ya mtoto wa nje. Nikamshukuru. Nikachora mstari.

Barabara ilipofunguka, juma la tano la kutafuta, mama yake Masika alikuja na msafara wa magari. Alikuwa mwembamba, hasemi sana. Hakunilaumu, na lawama ningeziweza zaidi. Nilimwambia tutaanza upya, nyumba zote, hata nilizozifuta, kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Siku ya tatu tukapanda ile njia ya kwenda nyumba ya Kavira.

Msichana wa maharagwe alikuwa anatoka kisimani na kidumu kichwani. Mama hakuita jina. Alisimama tu katikati ya njia, mikono imelegea. Mtoto akatua kidumu taratibu, kana kwamba anaogopa kumwaga, akamtazama, kisha akaja mbio na nikaliona kovu kwenye mkono wa kushoto uliomshika mama yake shingoni.

Mwenye nyumba alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alipotambua yule mwanamke ni nani, alilia, kisha akanigeukia kwa hasira.

"Ni vile mulituambia," akasema. "Mutu akikuja na karatasi, mutoto aseme ni wa hapa. Tulimupa jina ya hapa. Tulimufundisha kila siku mbele ya kula. Sasa ni weye tena unakuja na karatasi?"

Nilimwambia ni kweli. Niliinama nikamwomba mtoto msamaha, nikamwambia kosa lilikuwa langu, mashine ilimsahau kwa sababu yangu. Alinitazama kutoka nyuma ya kitenge cha mama yake.

"Ni weye ulikuja ile siku," akasema. "Tangu ile siku silalake mu nyumba. Nalalaka ku shamba ya kahawa, ili ukirudia usinikute."

Majuma matano. Nilimtazama mwenye nyumba, naye akatazama chini, akasema walimkataza, lakini wakishasinzia anatoka.

Mama yake hakulisikia hilo, au alilisikia akaliacha. Alikuja akanishika mikono yote miwili, akanishukuru. Alinishukuru mara nyingi, akaniita mama wa pili wa mtoto wake, na kila aliponivuta karibu, mtoto alirudi nyuma hatua moja.